Trekta linalokunywa maji ni trekta linaloumwa

Wadau, wiki iliyopita nilikuwa gereji moja pale Katesh nasubiri mpira wa rejeta ubadilishwe. Nikamwambia fundi akimaliza arudishie antifrizi, ile dawa ya rangi tunayoiita pia kulanti. Akacheka. "Bosi, hiyo ni dawa ya barafu, ya Wazungu. Hapa Katesh barafu iko wapi? Weka maji, okoa hela yako."

Sikumlaumu. Miaka sita iliyopita mimi mwenyewe nilikuwa nasema hivyo hivyo, tena kwa kujiamini. Maneno hayo yalinigharimu injini nzima ya trekta, kwa hiyo leo naomba mnivumilie niwaeleze hii dawa inafanya nini hasa, na inatunzwaje. Najua wengi wenu huku Mbulu na Hanang mna trekta, Fuso, Noah au kipowatila, na wote mna ndoo ya maji nyuma ya siti.

Kisa chenyewe. Tulikuwa tunalima kwa kukodisha upande wa Basotu, trekta moja, madereva wawili wakipokezana. Dereva akanipigia kwamba trekta linadai maji, kama lita moja kwa siku. Nikamwambia ajaze. Akachota kwenye lambo la ng'ombe pale jirani, akajaza. Wiki ya tatu likawa linadai lita tatu. Nikasema aongeze ndoo. Siku moja asubuhi akavuta kijiti cha oili akakuta oili imekuwa kama chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia kwenye oili. Tulipofungua injini tukakuta laina moja (lile bomba la chuma ambalo pistoni inapanda na kushuka ndani yake) ina vitundu vidogo kama vya sindano, upande wa nje unaoguswa na maji. Rejeta nusu ya njia zimeziba kwa tope na ukoko mweupe. Sili ya wota pampu imekwisha. Silinda hedi imepinda. Milioni nne na ushee, na msimu ukapita tukiwa tumekaa.

Jioni ile nilimpigia kaka yangu mkubwa, yuko Saskatoon, Kanada, mwaka wa kumi na tano sasa. Nilimpigia kulia shida zangu za hela tu, siyo kuomba ushauri wa ufundi, maana yeye si fundi. Akaniuliza swali moja: "Lilikuwa linakunywa maji kwa muda gani kabla halijafa?" Nikasema wiki tatu. Akanyamaza, halafu akasema, "Mdogo wangu, huo ni mfumo uliofungwa. Mfumo uliofungwa haupaswi kunywa hata kikombe."

Nikamuuliza amejulia wapi hayo. Akasema kwenye nyumba yake.

Hapa nitazunguka kidogo, mtaona sababu. Kule kwake mwezi wa kwanza baridi inashuka mpaka nyuzi 30 chini ya sifuri na kuzidi. Nyumba yake inapashwa moto kwa maji. Chini ya nyumba kuna boila, inachemsha maji kiasi (siyo mpaka yachemke kama ya chai), pampu ndogo inayasukuma kwenye mabomba yanayopita chini ya sakafu na kwenye rejeta za ukutani, yanatoa joto lao vyumbani, kisha yanarudi kwenye boila. Maji ni yale yale, yanazunguka mwaka hadi mwaka. Hayatumiki kuogea wala kunywa. Kuna tangi dogo lenye mpira na hewa ndani yake la kupokea maji yanapotanuka kwa joto, na kuna geji ya presha. Mabomba mengine yanapita gereji ambako ni baridi kali, kwa hiyo maji matupu yangeweza kuganda. Maji yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, na mara nyingi bomba halistahimili hilo. Linapasuka. Ndiyo maana mfumo wake una antifrizi.

Nyumba nyingine kule zinatumia maji matupu kwa sababu mabomba yote yako ndani penye joto, msidhani ni sheria. Lakini mwenye antifrizi ana kazi ya kuitunza, na kaka aliifundishwa kazi hiyo na fundi aliyemfungia boila. Kila mwaka kabla ya baridi anapima vitu viwili: kiasi cha dawa ndani ya maji, na kama maji yamekuwa na asidi. Na kila wiki anapita kuangalia geji ya presha. Ikishuka, haongezi maji haraka haraka. Anatafuta panapovuja.

Kwa nini? Kwa sababu boila nyingi zina koki inayojazia maji yenyewe kutoka bomba la mtaa. Bomba likivuja tone tone, koki inajaza kimya kimya, geji inaonyesha presha nzuri, mwenye nyumba analala usingizi. Kumbe kila tone linalotoka limebeba dawa na kila tone linaloingia ni maji matupu yenye hewa na chumvi zake. Baada ya mwaka mmoja au miwili anadhani ana antifrizi, kumbe ana maji yenye harufu ya antifrizi. Siku baridi ikija kweli ndipo anajua. Kaka koki yake ameifunga, anaifungua kwa mkono akitaka.

Nilipomsikia nikaona trekta langu lile lile. Boila ni injini, sakafu ni rejeta, na koki inayojaza kimya kimya ni dereva wangu na ndoo yake.

Piga hesabu hii na mimi. Chukua mfumo wa lita 20, nusu dawa nusu maji. Unavuja lita moja kwa siku, unarudishia lita moja ya maji matupu. Kila siku unabaki na asilimia 95 ya dawa uliyokuwa nayo jana. Baada ya siku 14 umebaki chini kidogo ya nusu ya dawa yote. Mchanganyiko uliokuwa asilimia 50 sasa uko kwenye 24. Mwezi ukiisha uko kama 11. Rangi bado ipo ipo, unaona kijani kwa mbali, unasema "kulanti ipo". (Kama maji yanapotea kwa mvuke badala ya kuvuja, ni tofauti: mvuke unaondoka zaidi na maji na dawa inabaki. Ndiyo maana kukisia kwa macho hakufai, inabidi upime.)

Sasa turudi kwa yule fundi na swali lake la barafu. Ni kweli, rejeta haigandi Katesh. Mbulu mwezi wa saba asubuhi unatoa moshi mdomoni lakini rejeta haipasuki. Basi hiyo dawa ina kazi gani kwetu?

Kazi ya kwanza ni kuchelewesha kuchemka, na hapa sisi watu wa milimani tuna shida kuliko watu wa Dar. Maji huchemka kwa nyuzi 100 ufukweni. Ukipanda, hewa inapungua uzito na maji yanachemka mapema. Kwenye mita 2,000, na Mbulu ya juu inafika huko, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi. Mama zetu wanajua, maharage kule hayaivi haraka. Injini nyingi zinafanya kazi kwenye nyuzi 85 mpaka 95. Mnaona hatari? Kinachookoa ni mfuniko wa rejeta. Mfuniko mzima wa bar 1 unafungia presha ndani, na hata kwenye mita 2,000 maji hayachemki mpaka kama nyuzi 117. Ukiwa na nusu kwa nusu ya antifrizi unaongeza nyuzi kadhaa juu ya hapo. Lakini mfuniko ukiwa umekufa, raba imekauka au umefungwa kwa kitambaa na waya kama ninavyoona kwenye magari mengi, umerudi kwenye 93. Lori lenye saruji linapanda mlima wa Dareda kwenda Bashanet na Dongobesh kwa gia ya kwanza, upepo hakuna, lazima lichemshe. Halafu tunasema gari bovu. Mfuniko mpya ni hela ndogo sana ukilinganisha na silinda hedi.

Na tafadhali, gari likichemsha usifungue mfuniko huo. Presha ikiachiwa ghafla yale maji ya nyuzi 110 yanageuka mvuke usoni kwako. Subiri injini ipoe mpaka uweze kushika rejeta kwa mkono.

Kazi ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kubwa kuliko zote huku kwetu, ni kuzuia kutu. Antifrizi yenyewe ni aina ya alikoholi inayoitwa ethilini glikoli, au ndugu yake propilini glikoli. Glikoli peke yake haizuii kutu. Wenye viwanda wanachanganya humo dawa nyingine ndogo ndogo zinazokaa juu ya chuma, aluminiamu na shaba kama utando mwembamba. Hizo ndizo zinazolinda injini, na hizo ndizo zinazoisha! Glikoli inaweza kukaa miaka mingi humo ndani, lakini dawa za kutu zinatumika kidogo kidogo, na glikoli nayo kwa joto na hewa inaoza pole pole kuwa asidi. Kulanti mpya siyo ya asidi, nyingi zinasoma kati ya 8 na 10 kwenye kipimo cha pH. Ikishuka karibu na 7 ujue imechoka. Ikiwa chini ya hapo, sasa yenyewe ndiyo inakula chuma.

Vile vitundu vya sindano kwenye laina yangu vilikuwa na maelezo yake pia, nilikuja kujua baadaye. Injini ya dizeli inagonga, laina inatetemeka, na upande wa maji vinatokea viputo vidogo vinavyopasuka juu ya chuma. Kila kiputo kinadonoa. Kukiwa na dawa inayofaa, kuna utando unaojirudishia pale panapodonolewa. Kukiwa na maji ya lambo, hakuna kitu. Kinadonoa, panashika kutu, kinadonoa tena. Kwa hiyo mwenye dizeli kubwa anunue kulanti iliyoandikwa kwamba ni ya dizeli nzito, asichukue tu ya gari dogo.

Halafu maji yenyewe. Jamani, tunaishi kwenye Bonde la Ufa. Ziwa Balangida pale chini ya mlima Hanang watu wanachukua chumvi, na bado tunachota visima vya tambarare ile ile tunamimina kwenye rejeta! Ukitaka kujua maji yako yana nini, angalia ndani ya birika la chai. Ule ukoko mweupe ndio unaojenga kwenye njia nyembamba za rejeta na kuzunguka silinda, na ukoko unazuia joto lisitoke. Chumvi nayo inavunja ule utando wa kinga. Mimi natumia maji ya mvua, yaliyokingwa baada ya mvua ya kwanza kuosha bati, nayachuja kwa kitambaa safi. Au yale maji ya betri ya dukani. Lakini angalieni sana: maji ya betri, siyo asidi ya betri. Chupa zinafanana, na kuna kijana mmoja tunamjua sote alikosea.

Kuna ugonjwa mwingine wa mafundi wetu, kung'oa themostati. Gari likichemsha mara moja wanaitoa na kuitupa, "ya nchi za baridi hiyo". Themostati ni mlango. Injini ikiwa baridi unafungwa ili ipate moto haraka, ikifika nyuzi 82 au 88 hivi unafunguka. Ukiitoa, injini inafanya kazi ikiwa baridi asubuhi nzima, na kwa baridi ya Mbulu hiyo siyo mchezo: inakula mafuta, oili inapata maji na masizi, pistoni zinakwangua. Na kwenye injini nyingine themostati ikitoka maji yanapita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta, kwa hiyo linazidi kuchemsha. Kama imekufa nunua nyingine.

Watu wa Basotu wenye umri wanaweza kunishuhudia kwamba haya hayakuwa mageni hapa. Kuanzia miaka ya 1970 mpaka 1993 Kanada ilikuwa inasaidia mashamba ya ngano ya NAFCO: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Gawal, Murjanda, Warret na Gidagamowd. Ekari kama laki moja kwa jumla, zilizotoka kwenye malisho ya Wabarabaig, na kesi ya Mulbadaw iliyofika mahakamani miaka ya 1980 siyo ya kuguswa kwa sentensi moja, nitaiandikia siku yake. Ninachosema ni kwamba kilimo kile kilikuja na matrekta makubwa na kombaini za kigeni, na wataalamu waliotoka nchi za nyanda baridi kama hiyo Saskatchewan anakoishi kaka. Mzee mmoja aliyefanya kazi karakana ya huko aliniambia walikuwa na daftari, kila mashine na maji yake. Mtu haongezi ndoo bila kuandika. Mashine tulizirithi, daftari halikufuata.

Haya, mimi nafanyaje sasa.

Asubuhi injini ikiwa baridi, dereva anaangalia usawa wa maji kabla ya kuwasha. Kwenye tangi la pembeni nimechora mstari kwa kucha. Kukipungua, hajazi mpaka anipigie. Tunaangalia chini ya wota pampu, kwenye maungio ya mipira, kwenye oili, na kwenye bomba la moshi kama linatoa moshi mweupe mtamu. Panapovuja kulanti panaacha alama ya rangi au unga mkavu, maji matupu yangekauka bila kuacha ushahidi. Hiyo nayo ni faida.

Kupima nguvu ya dawa natumia refraktomita, kidude kama darubini ndogo. Unaweka tone moja kwenye kioo, unaangalia kuelekea kwenye mwanga, unasoma. Kaka alinitumia. Mpya siyo bei ya kutisha, kikundi cha watu watano mnaweza kuchangia kimoja. Kina mistari miwili, mmoja wa ethilini na mmoja wa propilini, soma mstari wako. Kwa asidi nina vijikaratasi vinavyobadilika rangi. Nusu kwa nusu inatosha kabisa. Usidhani ukijaza dawa tupu ndiyo utakuwa salama zaidi: glikoli inabeba joto kidogo kuliko maji, injini itapata moto zaidi. Hata kwa barafu haisaidii. Ethilini glikoli tupu inaganda kwenye nyuzi 13 hivi chini ya sifuri, wakati nusu kwa nusu inafika karibu 37 chini. Kaka hakuniamini mpaka aliposoma kwenye galoni lake.

Refraktomita imenifundisha kingine. Nilinunua chupa ya kijani inayong'aa, imeandikwa "coolant" kwa herufi kubwa, bei nafuu. Nikapima. Ilisoma maji. Maji yenye rangi, nimelipa! Siku hizi naangalia kama wameandika asilimia ya glikoli. Kama hawajaandika naacha. Na rangi haisemi aina, kijani cha kampuni hii siyo kijani cha kampuni ile. Ukichanganya aina mbili kinga inapungua, zingine zinaganda kama uji. Kama hujui iliyopo ndani ni ipi, mwaga yote, suuza kwa maji safi mpaka yatoke meupe, kisha jaza upya ukifungua hewa itoke. Mimi nabadilisha kila miaka miwili, wengine galoni zao zinaruhusu mitano. Fuata galoni lako.

Kwa wenye mashine za kusaga zinazopozwa kwa pipa la maji la wazi, msihangaike na haya. Lile pipa liko wazi, linapoza kwa kupoteza mvuke, kuongeza maji ndiyo kazi yake. Wekeni maji ya mvua, osheni pipa.

Limebaki moja na nililiacha mwisho kwa makusudi. Ethilini glikoli ni sumu, na ina utamu. Gereji nyingi zinafungulia rejeta chini, inatiririka mpaka mtaroni. Mwaka juzi jirani yangu alibadilisha maji ya Fuso nyumbani, akaacha karai uani. Mbwa alilamba. Jioni akawa anayumba kama mlevi, kesho yake akaonekana kapona, siku ya tatu amekufa. Ndivyo inavyofanya, kwanza unalewa, halafu figo zinakufa. Mtoto mdogo hahitaji nyingi. Akinywa, au ukihisi tu amekunywa, usisubiri dalili na usimpe dawa za kubahatisha. Kimbiza hospitali saa hiyo hiyo na ubebe chupa ili daktari aone ni nini, kwa sababu dawa zake zipo lakini zinafaa ikiwa mapema. Na lile galoni tupu, zuri, lenye mpini, usilichotee maji ya kunywa. Kaka kwenye nyumba yake anatumia propilini kwa sababu hiyo hiyo. Haina sumu kali kama ile, maana mabomba ya joto na ya maji ya kunywa yako karibu karibu. Na anasema kulanti ya gari ni marufuku kwenye boila ya nyumba.

Ya zamani niliyotoa kwenye trekta iko stoo, galoni tatu, nimeandika SUMU kwa rangi nyekundu na kufunga kwa kufuli. Sitaki kumwaga, lambo la ng'ombe liko mita mia mbili kutoka kwangu. Kama kuna mdau anajua gereji ya Babati au Arusha inayopokea kulanti chakavu, aandike hapo chini, nitapeleka na za majirani.